Kutoka tranka la bibi hadi kitabu: namna ya kutengeneza kitabu cha kumbukumbu za familia

Kila Desemba Moshi inajaa. Watani wetu wanasema Wachagga wameenda "kuhesabiwa", na ukiyaona mabasi ya kutoka Dar es Salaam huna la kubisha. Basi ukitaka kutengeneza kitabu cha familia, huo ndio msimu wako. Wenye picha, wenye kukumbuka majina na wenye ugomvi wa mwaka juzi wote wako kihambani, kwenye shamba la ukoo, kwa wiki mbili. Kusanya wakati huo, kazi ya mezani utaifanya Januari watu wakishaondoka.

Mimi ni mpangaji wa kurasa hapa Moshi. Natengeneza kadi, vipeperushi na ratiba za mazishi. Kitabu cha kwanza cha familia nilikifanya cha kwetu, na makosa mengi ninayoyaonya hapa niliyafanya mwenyewe. Ninachoeleza ni kijitabu cha kurasa 40 hivi, ukubwa wa A5, ambacho stesheneri yenye printa nzuri inaweza kukitoa.

Jambo moja liweke kichwani tangu mwanzo: kitabu cha namna hii kina wasemaji watatu. Bibi ana lake, karatasi ya zamani ina lake, na wewe uliyekusanya una lako. Vitabu vingi vya ukoo nilivyoshika vimewachanganya wote katika aya moja yenye herufi moja, kiasi kwamba hujui kama "alibatizwa 1931" limetoka kwenye cheti, limetoka kwa shangazi, au mwandishi amekisia.

1. Kabla hujatoa kitu kwenye tranka

Amkia, kaa, kunywa ulichopewa. Tranka lina mwenyewe, hata kama limekaa chini ya kitanda kwa miaka arobaini bila kufunguliwa. Usiombe kuondoka nalo. Omba meza, na omba mwenyewe akae karibu, kwa sababu maneno mazuri kuliko yote hutoka pale karatasi inapotokeza, kabla hujauliza swali lolote.

Likifunguliwa, lipige picha kwanza kama lilivyo. Mpangilio nao ni taarifa. Kwetu cheti cha ubatizo cha babu kilikuwa kimefungwa uzi pamoja na risiti za kahawa, si pamoja na vyeti vingine. Nilifungua uzi harakaharaka nikavitenganisha, na mpaka leo sijui vilikuwa na uhusiano gani.

Nawa mikono, ikauke. Pini na klipu zilizoota kutu zitoe taratibu. Picha zilizogandia kwenye albamu zile za kurasa zenye gundi, usizivute: pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake, kama unakata sabuni ya mche. Karatasi iliyokunjwa miaka mingi usiilazimishe kunyooka siku hiyohiyo.

Na tafadhali, usilaminishe. Najua tumezoea: cheti kikianza kuchakaa tu, kinapelekwa mjini kikatiwe plastiki. Joto la mashine linaunganisha plastiki na karatasi moja kwa moja, huwezi kuvitenganisha tena bila kuharibu, na picha ya karatasi inayong'aa inarudisha mwanga wote kwenye kamera. Weka kila kitu kwenye bahasha ya karatasi, uandike juu ya bahasha.

Kila kitu kipe namba. Kwa penseli laini, nyuma, pembeni, bila kukandamiza: 001, 002, 003. Kalamu ya wino hupenya au huchafua picha iliyolaliana nayo. Namba hiyohiyo ndiyo itakuwa jina la faili kwenye kompyuta. Hatua hii inachosha, na ndiyo watu wanayoiruka.

2. Kunakili

Ukipata skana, nakili picha za kawaida kwa dpi 300 (yaani nukta 300 kwa kila inchi), na zile ndogo za pasipoti kwa 600, maana utataka kuzikuza. Tunza nakala ya kwanza kama TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, fanyia kazi nakala nyingine. Nakili na mgongo pia. Mgongo wa picha una muhuri wa studio, tarehe, na pengine mwandiko wa mtu aliyekwisha kufa.

Kama huna skana, simu inatosha. Kaa barazani penye kivuli, mwanga utoke upande mmoja, zima flashi, na simu iwe sambamba na karatasi. Jua la moja kwa moja linaunguza sehemu nyeupe zote.

Halafu kuna hili la WhatsApp. Ndugu wa Mwanza atakutumia picha ya harusi ya wazazi wake, utaiona nzuri kwenye simu, utaipanga, na ikichapwa itatoka kama imepigwa kupitia chandarua. WhatsApp inapunguza ukubwa wa picha. Mwambie aitume kama faili, yaani aichague kupitia sehemu ya nyaraka, au aipeleke kwa barua pepe.

3. Kusikiliza

Usianze na "ulizaliwa mwaka gani?" Swali hilo linamfunga mtu mzima mdomo, kwa sababu linamfanya aone anapimwa. Keti jikoni wakati ndizi za mtori zinamenywa, mwambie wazi kwamba unarekodi, weka simu kwenye kigoda, kisha mpe picha mkononi: "Huyu ni nani, bibi?" Nyamaza. Akikosea jina akajisahihisha, acha vyote viwili kwenye rekodi.

Miaka itafute kwa matukio. Mwenge ulipopandishwa Kibo, Desemba 1961, ulikuwa umeshaolewa? Azimio la Arusha lilipotangazwa, Februari 1967, mlikuwa mmeshajenga nyumba ya bati? Wakati wa vita ya Iddi Amin mdogo wako wa mwisho alikuwa anatembea? Sokoine alipofariki, Aprili 1984, ulikuwa wapi? Hili la mwisho karibu kila mtu mzima analijibu bila kufikiri, na akishajibu, mengine yanafuata: foleni ya sukari, unga wa yanga, nani alikuwa na duka.

Unapoandika kutoka kwenye rekodi, usimsafishe bibi. Akisema "basi tukakaa, tukakaa, tukakaa", ziache zote tatu. Maneno ya Kichagga yaache kwa Kichagga, na uandike kama wanavyotamka huko kwenu, maana Kivunjo si Kimachame na Kirombo ni habari nyingine. Mwombe mtu mzima wa upande huohuo ayapitie. Zima kabisa ule usahihishaji wa simu na kompyuta unaogeuza maneno bila kukuuliza.

4. Kuupata mwaka wa karatasi isiyo na tarehe

Hapa nakuomba tukae kidogo, kwa sababu karatasi yenyewe mara nyingi inasema umri wake, kama unajua pa kutazama.

Tazama kichwa cha karatasi. Kilichoandikwa "Deutsch-Ostafrika" ni cha enzi ya Mjerumani, na Waingereza waliingia Moshi Machi 1916. "Tanganyika Territory" ni cha Mwingereza, kabla ya Uhuru. "Jamhuri ya Tanganyika" kilidumu muda mfupi sana, Desemba 1962 hadi Aprili 1964, kwa hiyo ukikipata umepata kitu adimu. Jina "Tanzania" lenyewe lilianza kutumika Oktoba 1964. Lakini kuwa na akiba: ofisi zilikuwa zinamaliza kwanza karatasi zilizopo stoo, kwa hiyo kichwa kinakupa mwaka wa mapema kabisa unaowezekana, hakikupi mwaka wa mwisho.

Kadi ya TANU iko kati ya 1954 na Februari 1977, kilipozaliwa CCM. Risiti za kahawa nazo zinasema. KNPA, chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kilianza 1925, na KNCU, chama kikuu cha ushirika, ikaundwa 1933. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na serikali 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982. Kwa hiyo mjomba akikwambia risiti fulani ya KNCU ni ya 1979, mwitikie kwa heshima, kisha tafuta ushahidi mwingine.

Hela pia. Shilingi ya Tanzania ilianza 1966. Kabla ya hapo ilikuwa shilingi ya Afrika Mashariki. Ukiona stempu yenye majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja, jua uko kwenye enzi za posta moja.

Usisahau daftari la rambirambi. Watu wanalidharau kwa kuwa ni la michango, lakini mimi sijaona nyaraka inayolishinda: lina majina, vijiji, nani alitoa debe la mahindi, nani alitoa pesa, nani hakuonekana. Ratiba za mazishi vilevile, kwa sababu ya ule wasifu wa marehemu unaosomwa.

Makaburi ya kihambani ni nyaraka pia. Mengi yameandikwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi, N zimegeuka, jina limeishiwa nafasi likamaliziwa chini. Yapige picha asubuhi mapema au saa kumi na moja jioni, jua likiwa chini, ili kivuli kiingie kwenye michoro ya herufi. Saa sita mchana hutaona kitu. Picha hizo zihifadhi vizuri, tutazirudia.

5. Nyaraka zilizo nje ya nyumba

Anza na usharika au parokia. Wamisionari wa Kilutheri wa kutoka Leipzig walifika Kilimanjaro 1893, na Wakatoliki walikuwa wamewatangulia Kilema, hivyo vitabu vya ubatizo vya baadhi ya maeneo ni vya zamani sana. Nenda kwa mchungaji au paroko ukiwa na jina, mwaka wa kukadiria na sababu, si ukiwa na kamera mkononi.

Vitabu vya mwanzo vinaweza kuwa na mwandiko wa Kijerumani wa zamani, Kurrent, ambao "e" yake inafanana na "n" yetu, na moja ya "s" zake inafanana na "f". Usinakili jina la babu mkubwa kwa kukisia. Piga picha ukiruhusiwa, umpe anayeujua mwandiko huo.

Ukitafuta kwenye intaneti, tafuta kwa tahajia ya Kijerumani: Moschi, Aruscha, Dschagga, Kilimandscharo. Ukiandika "Chagga" tu, nusu ya vitu hutaviona. Chuo Kikuu cha Southern California kimeweka wazi mkusanyiko mkubwa wa picha za wamisionari, zikiwamo za Leipzig kutoka huku kwetu. Nyaraka za serikali, za Mjerumani na za Mwingereza, ziko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Majina yatakusumbua. Mtu huyohuyo ataandikwa Massawe hapa, Masawe pale. Kwenye maelezo ya picha andika kama karatasi ilivyoandika. Kwenye simulizi tumia tahajia ya familia. Ukisawazisha kila mahali, umefuta alama ya karani.

6. Nini kiingie, nani aingie

Kutoka kwenye vitu 200, chagua 50. Usichague picha nzuri, chagua picha zinazozungumzwa. Ile ambayo watu watatu wamebishana kuihusu inashinda ile ya studio ambayo kila mtu amesimama kama mlingoti.

La nani aingie si la mpangaji peke yake. Babu alikuwa na nyumba ya pili? Kuna mtoto aliyekuja kujulikana msibani? Hilo lipeleke kwenye kikao cha ukoo, na mwenye habari yake mwenyewe aulizwe kwanza. Ila kwenye suala la mabinti mimi sijadiliani. Nimeona orodha za ukoo zenye watoto wa kiume vizazi vitano na hakuna hata dada mmoja, kwa hoja kwamba kihamba kinarithiwa na wanaume. Kitabu si kihamba.

Badala ya ule mti wa ukoo wenye matawi, jaribu kuchora kihamba chenyewe kutoka juu: nyumba ya kwanza, nyumba ya bati, zizi, migomba, masale (mimea) ya mpakani, mfongo (mfereji wa maji) unakopita, makaburi. Weka namba za kurasa kwenye kila mahali. Msomaji akitaka habari za bibi mkubwa anakwenda kaburini kwake kwenye ramani, anaona ukurasa wa 14. Yaliyomo yako yameisha hapo.

7. Ukurasa na herufi

Pambizo ya ndani, upande wa mshono, iwe milimita 20. Ya nje 15 inatosha. Herufi ziwe pointi 12, na kutoka mstari hadi mstari pointi 16. Wenzangu wa kazi hii watasema 12 ni kubwa kwa A5. Wasomaji wangu wa kwanza wana miaka sabini na kitu, na miwani iko chumbani. Kwa vipimo hivyo utapata herufi kama 55 kwa mstari, zinazosomeka bila kupotea.

Usinyooshe aya pande zote mbili. Maneno yetu ni marefu kwa sababu neno moja linabeba mtenda, wakati na mtendwa: "waliponisindikiza" ni sentensi nzima. Ukibana maneno hayo kwenye mstari mfupi, programu inasambaza mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Ukiiruhusu ikate maneno, inaweza kukata kwa kanuni za Kiingereza, ukapata "ng'om-be". Silabi zetu nyingi zinaishia na irabu: ng'o-mbe, nya-nya, cha-ngu. Zima ukataji, panga upande wa kushoto, acha kulia kuwe na mawimbi.

Kile kialama cha ng' kikague pia. Ukichanganya maandishi ya simu na ya kompyuta, utakuwa na vialama vya namna mbili au tatu, vingine vimelala, vingine vimesimama wima. Tafuta vyote, badilisha viwe vya aina moja, kile kilichopinda kama koma iliyopandishwa juu.

Sasa wale wasemaji watatu. Bibi mpe fonti yenye vijimkia kwenye ncha za herufi, ya kusomeka kwa muda mrefu. Natumia Gentium, Charis pia ni nzuri. Zote mbili ni za bure, na zina herufi zenye alama za juu ambazo utazihitaji ukinukuu Kichagga cha wamisionari. Karatasi za zamani zipe fonti ya taipureta, lakini pale tu unaponukuu nyaraka neno kwa neno. Wewe chukua fonti isiyo na vijimkia, pointi 9, pembeni au chini ya picha. Baada ya kurasa tatu msomaji ameshazoea. Akiona taipureta anajua hili limeandikwa mahali. Akiona herufi za bibi anajua hili limekumbukwa. Vikipingana, viache vikipingana kwenye ukurasa mmoja. Kwetu cheti kinasema 1931, bibi anasema mwaka wa nzige, na mimi pembeni nimeandika tu kwamba sijui.

Maneno ya Kichagga usiyaweke kwenye herufi za mlazo. Najua ndivyo vitabu vinavyofanya kwa maneno ya lugha ngeni. Lakini ugeni uko wapi, bibi anaposema "mfongo" kwenye kitabu chake mwenyewe?

Fonti za kadi za harusi, zile za kujipindapinda, ziache kwenye harusi. Ukitaka herufi za mapambo kwa vichwa vya sura, unazo tayari: zile za makaburini. Ondoa mandhari, bakiza herufi, uzikuze zijaze ukurasa. Kanga ya zamani ya bibi nayo ina jina lake chini kwa herufi kubwa. Ipige picha ifungue sura ya ndoa.

8. Kuchapa

Idadi ya kurasa igawanyike kwa nne, maana karatasi moja ya A4 ikikunjwa inatoa kurasa nne za A5. Karatasi ya gramu 80 itapitisha picha za upande wa pili. Omba 100, na jalada la 250 au zaidi. Kurasa 40 zinashikwa vizuri na pini mbili za mgongoni.

Rangi ni ghali, kwa hiyo ipange kwa akili. Kwenye kijitabu cha kurasa 40, karatasi ya katikati kabisa ina kurasa 19, 20, 21 na 22, na inayoizunguka ina 17, 18, 23 na 24. Weka picha zote za rangi kuanzia 17 hadi 24, na utalipia rangi kwa karatasi mbili tu kati ya kumi. Ukizitawanya, utalipia kila mahali.

Peleka PDF yenye fonti ndani yake. Mara ya kwanza mimi nilipeleka faili ya Word kwenye flashi. Mashine yao haikuwa na fonti zangu, ikaweka zake, wasemaji wangu watatu wakawa mmoja, na kurasa 40 zikawa 46. Nilikuwa nimeshalipia nakala 50.

Siku hizi natoa nakala moja kwanza, nampelekea mtu mzima pamoja na kalamu nyekundu, na namwachia wiki nzima. Kisha nakaa naye tunasoma kwa sauti kila maelezo ya picha. Kosa la jina chini ya picha ya mtu halisameheki kwa urahisi: shangazi yangu alitoka kwenye kitabu kwa jina la wifi yake, na salamu zetu zilikuwa fupi hadi Pasaka.

9. Baada ya kitabu kutoka

Nyaraka zote zirudishe kwenye tranka kwa mpangilio wa ile picha uliyoipiga siku ya kwanza, kila moja kwenye bahasha yake, na nakala moja ya kitabu juu. Tranka lisiguse sakafu wala ukuta, kwa ajili ya mchwa; matofali manne yanatosha kuliinua. Faili za kompyuta ziwe mahali patatu, na mmoja wa watunzaji awe anaishi nje ya Moshi.

Kurasa nne za mwisho ziache wazi, zenye mistari hafifu, na wakati wa kugawa kitabu gawa na penseli. Nakala ya bibi niliikuta imejaa kabla ya mwaka mpya. Chini ya picha ya ukurasa wa 9, ambayo nilikuwa nimeandika "Mpiga picha hajulikani", mtu amechora mshale na kuandika kwa herufi kubwa: NI MIMI.